Ufa Uangalie Juu

Mama Kendi,

Bwana asifiwe huko uliko. Mlima umejifunika tangu mvua ianze. Nikiwa hapa kwa meza yako naona wingu tu, limelala kama blanketi mahali mlima ulipokuwa, na chini yake najua kuna kwenu, na mashamba ya nyanya, na kaburi lako. Huku Isiolo jua linawaka kama kawaida. Lakini nikifumba macho nasikia mvua ikikunyeshea, na wala siogopi. Naona kama umetoka tu kuanua nguo.

Ulituacha wakati wa kiangazi, na unajua nyanya zilivyokuwa: ndogo, ngozi ngumu kama ya kisigino changu. Fungu la nyanya tano likawa la nne, halafu la tatu, bei ile ile. Wewe ndiye ulinifundisha hivyo. Ulisema mtu akisikia bei imepanda anaondoka, lakini akiona fungu limepungua anakuhurumia.

Siku tulipokuzika binti yako Kendi alinishika mkono, akaniambia nikalie meza yako mpaka mvua ije, halafu atakuja aone. Kama inaenda, nibaki. Kama haiendi, Mama Gitonga wa vitunguu anaitaka. Miaka saba nimesimama nyuma yako, Mama Kendi. Kule kwetu Gotu sina hata mbuzi mmoja wa kurudia. Meza hii ndiyo boma langu.

Mvua ikaja huko juu. Sokoni wote huniita Mama Ekai; wewe peke yako uliniita Nakiru, jina nililopewa kwa sababu nilizaliwa ikinyesha. Kwetu wafugaji hakuna mtu hulalamikia mvua. Nilipoona wingu nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Lori likafika limechelewa, magurudumu yamejaa tope jekundu, nikachukua kreti sita. Zilikuwa nyekundu, zimenenepa, kama mashavu ya mtoto aliyeshiba. Sikufanya ulivyokuwa ukifanya: kutia mkono mpaka chini ya kreti, kutoa moja, kuibonyeza karibu na kikonyo, kuinusa. "Hii imekunywa sana, Nakiru. Kesho itapasuka." Nilifikiri mvua haiwezi kuniletea kitu kibaya.

Siku ya pili zikapasuka. Kreti zikaanza kutoa maji, nzi wakaja. Nyanya nzima zilikuwa chache soko lote, bei yake ikapanda, na mimi nimekaa na zangu hakuna anayezitaka. Mama Gitonga akapita akasema, "Mama Ekai, umetuletea nyanya ama supu?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, huku nikifukuza nzi.

Sasa nikuungamie. Ulikuwa na sheria moja tu kwa meza hii: nyanya yenye ufa, ufa uangalie juu, mteja aone kabla ya kufungua mkoba. Siku hiyo nilizipangusa moja moja, nikazipanga ufa ukiangalia chini. Mama Halima wa hoteli, aliyenunua kwako hata kabla sijakujua, akajaza kikapu bila kuangalia. Hakuangalia kwa sababu ni meza yako.

Jioni akarudi. Hakugomba. Alitoa nyanya moja kwa kikapu, akaiweka mbele yangu, ufa juu.

"Salaam aleikum, Mama Ekai. Hii ilikuwa imepotea njia."

Akaenda zake.

Nilimrudishia pesa kesho yake, lakini si pesa iliyokuwa inaniuma.

Alfajiri hiyo nilikuota. Ulikuwa unashuka kutoka kwenye wingu, leso yako imelowa, unanuka udongo. Ulipita kando ya meza, na meza ilikuwa ndefu, haina mwisho, nawe unageuza nyanya, moja, halafu nyingine, taratibu, kama mtu anayefunika watoto. Nilipoamka mikono yangu ilikuwa inageuka hivyo hivyo juu ya blanketi. Nikasali, nikatoka.

Niligeuza zote. Nikawaambia watu, "Hizi ni za kupika leo. Kesho zitakuaibisha." Wengine walichukua kwa bei ya chini, wengine wakapita. Zilizobaki nilizitazama nikamkumbuka mama yangu akikata nyama ya mbuzi nyembamba nyembamba, akiianika. Mvua iko mlimani, lakini jua letu liko hapa. Nikakata, nikatia chumvi, nikaanika kwa mabati safi na neti juu. Zilipokauka nikampelekea Mama Halima kikombe kimoja, nikamwomba msamaha. Alitafuna polepole, anaangalia mbali.

"Wallahi, Mama Ekai, umefanya nyanya ikawa nyirinyiri." Ile nyama yao kavu ya vipande. Halafu akacheka mpaka akashika mlango.

Amerudi kununua kwetu. Lakini sasa anageuza kila nyanya kabla ya kuichukua. Namwacha ageuze.

Jana Kendi alikuja. Nilikuwa na nyanya chache, hazina urembo, nusu zina ufa, zote zinaangalia juu. Mama Gitonga akasimama kando yake akasema, "Si unaona? Anaonyesha wateja vidonda." Kendi aliinama mezani. Akagusa ufa mmoja kwa kidole, akageuza uso. Nilifikiri nimeisha.

Kisha akamwambia Mama Gitonga, "Mama, hii meza iko na mwenyewe."

Akatoa aproni yako ya kijani kwa mfuko wa karatasi, akanifunga mwenyewe kwa nyuma, kama nilivyokuwa nakufunga wewe. Mfukoni nilikuta kikonyo cha nyanya, kimekauka. Sijakitoa.

Sasa hivi, nikikuandikia, wingu limeinuka kidogo, nimeona bega moja la mlima. Nikasimama nikakusalimia.

Pumzika, Mama Kendi. Mvua inayokunyeshea itanifikia huku chini, kreti kwa kreti, na sitaacha kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kwanza nitatia mkono mpaka chini. Na ufa utaangalia juu, hata siku nitakayobakiwa na nyanya moja, hata kama mteja ni mtoto ambaye hajui kuangalia. Hilo nakuahidi, mpaka Bwana atukutanishe.

Mimi wako,
Nakiru