Omena Zinazopita Kwenye Wavu

Jumanne usiku

Sijui nilipata wapi ujasiri. Kwenye mkutano wa ufukweni Kisian afisa wa uvuvi aliuliza nani anataka uvuvi wa omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, ufungwe kwa miezi kadhaa ili wazaliane, na mimi, muuza omena, nikawa wa kwanza kuinua mkono.

Jirani yangu sokoni, Mama Atieno, akanivuta leso. "Na wewe utauza nini? Mchanga?"

Mwenye boti mmoja alisema serikali ikae kando, soko litajirekebisha lenyewe: omena zikipungua, bei itapanda na watu watanunua kidogo. Hiyo bei nimeiona ikipanda. Wavuvi waliifuata, boti ndizo ziliongezeka.

Sheria hiyo ya kufunga ikipita, sijui tutakula nini. Isipopita, sijui binti yangu Achieng' atakuta nini ziwani akiwa mkubwa.

Niliporudi nilianika omena kwenye wavu wangu wa siku zote. Zikapenya matundu, zikaanguka mchangani. Zimekuwa ndogo hivyo.

Nilizikusanya tena kwenye beseni. Halafu nikaingia ndani, nikafungua neti ya mbu kitandani kwa Achieng', nikaitandaza nje na kuzianika juu ya neti hiyo.

Neti bado iko nje, imejaa. Namsikia Achieng' akijipiga makofi kuua mbu gizani.