Leso Yako ya Kijani

Nafula, rafiki yangu,

Tangu tukuzike Misikhu, mahindi huku Kitale yamepandwa na sasa yanachanua. Chumba chako hapa Kibomet kina mpangaji mwingine. Nikisikia sufuria zake ng'ambo ya ukuta najisahau, naita, "Nafula, chai iko tayari!" Kisha nakunywa peke yangu na vikombe viwili viko mezani. Upweke huu siuzoei.

Unakumbuka mwalimu wa mafunzo alipokuja darasani kwetu, kwa watoto wasiosema? Nilikuuliza ni nani hasa anaweza kusomea cheti cha msaidizi wa tiba ya tabia, yule anayekaa na mtoto kumfunza kuomba anachotaka, maana mimi nilikuwa muuza sukuma kabla ya kuja kufagia hapo. Ukanicheka. "Si ulimaliza fomu foo? Si uko na roho ya kungojea mtoto? Basi ni wewe, bana. Wacha woga ya bure." Ukajiandikisha, ukaniandikisha na mimi. Halafu ukaniacha njiani. Nimekukasirikia kweli.

Chebet, yule mtoto uliyekuwa ukikaa naye dirishani, hakumtaka mtu mwingine. Alilia, akajigonga kichwa ukutani, mpaka mama yake akaambiwa kwamba akikosa wa kukaa naye atarudishwa nyumbani. Nikajifunga leso yako ya kijani. Akainusa, akatulia papo hapo. Basi nikawa naivaa kila siku, huku nikijua si mimi anayenikubali.

Jana nilipimwa. Mwalimu alisema Chebet lazima afanye kazi na mimi bila leso, la sivyo cheti nisahau. Nikaivua, nikampa. Nikangoja kama ulivyonifunza, bila kumvuta, bila kumwita mara mbili. Akaizungusha mikononi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti chako cha dirishani. Akaipapasa kidogo. Kisha akaja akakaa kando yangu, akanipa picha ya kikombe, moja ya zile ulizomfunza kuombea vitu. Alitaka maji.

Nimepita. Nilitoka mbio nije nikugongee mlango nikuambie. Nilifika hadi mlangoni ndipo nikakumbuka.

Lala salama, dada. Nakuahidi Chebet harudi nyumbani, na leso yako sitaivaa tena. Nimeiacha pale pale kitini. Chebet hataki mtu akalie kiti hicho.

Hata mimi.

Nasimiyu