Nusu Ipi Ilipata Mbolea?

Alhamisi, Makere. Mvua imekatika mchana huu, matope yamefika mpaka mlangoni. Na mimi nimechanganyikiwa, tena vibaya.

Wakati wa kupanda karanga niligawa shamba katikati. Nusu moja niliweka TSP, ile mbolea ya kupandia yenye fosfeti. Nusu nyingine sikuweka kitu. Nilitaka kujua kama karanga kwenye udongo wetu huu mwekundu zinaitaka kweli, au tunawatajirisha wauza pembejeo tu. Kina mama wa kikundi chetu cha kanisani wakasema watasubiri jibu langu.

Ili nisisahau nusu yenye mbolea, nilichomeka vijiti vya muhogo kwenye kona zake.

Vijiti vya muhogo! Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Leo nimekwenda kung'oa mashina machache nione. Upande wa barabara karanga zimejaa hadi raha. Upande wa bonde, maganda matupu mengi. Nikafurahi peke yangu kama mwehu, halafu nikatafuta vijiti vyangu. Havipo. Nimevikuta mpakani, vimepandwa kwa mstari, vina majani.

Nikamfuata Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, jikoni. Hakuficha. Nilipokwenda Kibondo kumuuguza dada yangu, yeye alinipalilia shamba, akaona nimechomeka muhogo ovyo ndani ya karanga, akauhamishia mahali pake. Nikamuuliza ulikuwa nusu ipi. Akageuza ugali, akafikiri.

"Mwanangu, mimi niliona muhogo. Upande sikuuangalia."

Hasira zilinipanda, zikashuka zenyewe. Kanipalilia shamba zima, nimwambie nini?

Na mimi mwenyewe je? Nakumbuka nilianzia barabarani. Nakumbuka pia mvua ilinikimbiza, kesho yake nikaanzia bondeni. Mbolea niliweka siku ipi? Kila nikivuta kumbukumbu inakuja nyingine.

Nimempigia bwana shamba, akasema niangalie vinundu kwenye mizizi, eti upande wenye fosfeti huwa navyo vingi zaidi. Nimeangalia. Viko sawa pande zote mbili, jamani.

Moyo unanituma niseme upande wa barabara ndio wenye mbolea. Huenda ni kweli. Lakini huko ndiko tulikokuwa tukifunga mbuzi zamani, na samadi nayo ina kazi yake. Sasa ninayemsifu ni nani, TSP au mbuzi?

Ningekuwa peke yangu ningebahatisha. Ila kuna Mama Yusta wa kikundi chetu. Ni mjane, amebaki na mbuzi mmoja, na ameshaniambia kwamba nikisema kikundini Jumapili hii kuwa mbolea inafaa, anamuuza akanunue. Nikibahatisha nikakosea, mimi nitakuwa na aibu, yeye hatakuwa na mbuzi.

Basi Jumapili nitasimama mbele yao niseme sijui. Watacheka, na nitaona haya. Mbuzi wa Mama Yusta abaki kambani kwanza.

Msimu ujao nagawa shamba tena, na kwenye kona naweka mawe. Nione kama Mabukwe atayapanda.