Leso ya Kumdanganya Ng'ombe

Kaka Nuh, huko Nakuru,

Assalaam alaikum. Huku Garsen mafuriko yamekwisha, mto umerudi mahali pake na nyasi zipo tele. Shemeji akijifungua, Mama anaomba apigiwe simu kabla ya watu wote.

Ahsante kwa kunitafutia chumba karibu na kiwanda. Jumatatu naanza kazi ya kupima maziwa, lakini naogopa, kaka. Usicheke. Baridi ya huko siyo ninayoiogopa.

Unamkumbuka yule ng'ombe wangu mwekundu? Hateremshi maziwa ila nimkamue mimi. Mama akasema nimwachie leso yangu, awe anajifunga akienda kukamua, ng'ombe anuse harufu yangu.

Jana asubuhi tulijaribu. Mimi nilisimama kimya zizini. Mama alimpapasa ng'ombe kuanzia shingo, ubavu, polepole, mpaka mkono ukafika kwenye kiwele. Juzi alimfungulia ndama wa jirani akidhani ni wetu, akasema ni jua lilimpiga machoni. Nami nikakubali kwamba ni jua.

Ng'ombe alinusa leso, akatulia, maziwa yakashuka. Mama akainuka na kibuyu chake, amefurahi kweli.

"Umeona, Dahabo? Nenda kazini, mwanangu. Mimi niko sawa."

Maneno hayo aliiambia nguzo ya lango. Mimi nilikuwa upande wa pili wa zizi.

Ni mimi dadako, ambaye begi lake bado liko wazi,
Dahabo