Maua Yanayokufa Kila Mwaka

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Mama angenisikia, angenikemea.

Fundi amemaliza kaburi lako. Kuzunguka saruji ameacha udongo mtupu, upana wa jembe, kwa ajili ya maua, na ukoo umeamua kwamba mchaguzi niwe mimi. Shangazi alisema, "Yeye ndiye msomi, na yuko mjini kwenye miche." Unanijua, Baba. Mimi ni karani wa masijala ninayepiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Nilikwenda Rau kwa muuza miche, akaniuliza swali moja tu: "Dada, unataka ya msimu au ya kudumu?" Nikamwambia nitarudi. Nilirudi, nikamwambia tena nitarudi. Sasa ananiita Dada Nitarudi, na majirani zake wanacheka.

Unakumbuka mawaridi ya barazani? Siku tulipoyapanda nilikuwa nimetoka kupokea Komunyo ya kwanza, bado nimevaa gauni jeupe, ukanipa mche niushike wima huku wewe ukifukia. Mama akapiga kelele kutoka jikoni: "Gauni, Baba Adela! Gauni!" Ukacheka. "Gauni litafuliwa. Haya ni ya kudumu, mama. Tukipanda leo, tumemaliza." Ulikuwa ukiniita mama ukifurahi. Maneno yale niliyapeleka shuleni kama cheti. Wenzangu walikuwa na maua ya msimu kwenye makopo. Yalichanua, yakanyauka, wakatupa makopo. Yetu yalikuwa palepale. Nikaamini mimi ni mtoto ninayependwa bila kukoma.

Wewe ulikuwa unashuka mlima kwenda Chekereni kwenye mpunga. Sote tulijua huko chini kuna mpunga, na nyumba, na mama mwingine, na watoto. Halikusemwa mezani. Mama alisema tu, "Baba yenu yuko chini," nasi tukaendelea kula kiburu, ndizi zetu na maharage. Jumamosi jioni ulipopanda mlima kurudi, nilikuwa nakusubiri barazani na mkasi mkononi ili unikute nikipogoa. Ulinigusa kichwa ukapita. "Acha kujisumbua, mama. Hayo yanajitunza yenyewe." Nililichukua neno hilo kama sifa. Nilikuwa mtoto.

Baada ya matanga, Mama alinituma Chekereni kuchukua koti lako na baiskeli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika. Rehema, binti yako wa huko, ndiye aliyenipokea. Ana pua yako. Hilo lilinichoma kabla hajasema hata karibu.

Mbele ya nyumba yao kuna tuta la maua lililozungushiwa chupa za soda, zimefukiwa shingo chini. Maua yote yalikuwa yamekauka, vichwa vya kahawia vimeinama. Nitakwambia ukweli: nilifurahi. Nikajisemea moyoni, hawa hakuwapa cha kudumu.

"Usiyaonee huruma, dada," Rehema akasema. "Ni zinia hizo. Kila mwaka zinakufa, kila mwaka tunapanda."

"Mnapanda na nani?"

Akanitazama kama niliyeuliza jua linatokea upande gani. "Na Baba."

Kisha akanieleza, na hakujua ananifanya nini. Akasema mkishavuna mpunga ulikuwa unatandaza gazeti uani, mnapukuchua vichwa vilivyokauka, na wewe unamkataza kila mtu kupumua ili mbegu zisipeperuke. Mdogo wake alikuwa akipiga chafya makusudi. Ulimkimbiza na kandambili hadi kwenye mfereji, ukarudi wewe ndiye umelowa. Mvua zikianza, mlipiga magoti wote kwenye tuta, na kila mtoto na sehemu yake. Zinia nyekundu zilikuwa za Rehema. "Alikuwa mkali na mbegu kuliko na mpunga," akasema, akicheka machozi yakimtoka.

Nilishika baiskeli yako nikashindwa kuisukuma.

Kwa hiyo ulijua kupiga magoti, Baba. Ulijua kucheza. Kwetu ulipanda mara moja ukawa umemaliza, kama ulivyosema. Mawaridi yalichanua ukiwepo na yalichanua usipokuwepo, kwa hiyo ukawa hupo. Yale ya Chekereni yalikuwa yanakufa, na kwa sababu yanakufa ilikuwa lazima uende. Nimeishi miaka yote nikiwahurumia watoto wale kwa maua yao ya msimu. Sasa nikipita barazani na kuona waridi limechanua, natamani kuling'oa na mizizi yake.

Wiki iliyopita Rehema alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza masijala, simu nimeibana sikioni katikati ya mafaili. "Dada Adela, shikamoo. Naomba nije nipande zinia za Baba pale kaburini. Upande wa miguuni tu unatosha."

Nilimpelekea Mama neno hilo akiwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Panda ya kudumu. Wakipanda ya msimu, watakuja kila mwaka na mbegu zao mkononi. Kila mwaka watapita mlangoni kwangu. Hilo ndilo unalotaka?"

"Sijui, Mama."

"Basi ujue."

Usiku huo sikulala vizuri. Mimi ninayemwogopa hata mlinzi wa ofisi, kwa mara ya kwanza nilikuwa na kauli juu ya mtu. Nikipanda mayungiyungi ya kudumu kuzunguka saruji yote, Rehema hatakuwa na sababu ya kupanda mlima kuja huku tena. Hakuna atakayesema nimemfukuza. Watu watasema, kaburi limependeza. Nililitamani jambo hilo, Baba, kama mtu anavyotamani maji.

Kesho yake mchana nikatoka nyuma ya ofisi, nikampigia.

"Njoo masika yakianza," nikamwambia. "Uje na mbegu. Lakini kichwani napanda mimi."

"Kichwani? Wewe ambaye hata hujui kupukuchua?"

"Utanifundisha."

"Mae, mama yangu, una wivu wewe!"

"Ninao."

"Hata mimi ninao," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Tulimwomba kipande cha yale mawaridi yenu kila alipopanda kuja huko kwenu. Kila mara alikataa. Alisema hayo ni ya juu. Tulidhani ninyi ndio mliopewa."

Nikamwambia salio linaisha, na halikuwa linaisha.

Mama nimeshamwambia kwamba nimechagua ya msimu. Aliosha mikono, akajifuta kwa khanga, akasema, "Basi siku hiyo chai utawapikia wewe. Mimi nitakuwa kanisani." Sijui kama atakwenda kweli. Naogopa akienda, na naogopa akibaki.

Usidhani nimechagua hivi kwa wema. Shangazi atasema nina moyo wa kupatanisha, na nitamwacha aseme. Nimechagua kwa sababu nataka nilichonyimwa. Nataka kila mwaka maua yakauke, niwe na kazi ya kufanya mahali ulipo. Nitapiga magoti na gauni langu la Jumapili. Rehema atakuwa miguuni, nami kichwani, karibu na sikio lako. Nitachukua muda wangu wote, Baba, na safari hii huna pa kushuka.

Lala salama chini ya migomba yako.

Binti yako wa nyumba ya juu