Koti la Mtani na Matobolwa ya Mwisho

Kalunde, mke wangu mzee,

Shikamoo. Najua ungeitikia, "Marahaba, mume wangu usiyeleta hata kuni," halafu ungecheka mpaka lile jino lako la mbele lililobaki peke yake lichungulie. Basi leo mjukuu uliyezoea kumwita mume anakuandikia kutoka Ulaya. Ndiyo, Ulaya! Mimi Mihambo niliyeishia kidato cha pili, niliyeambiwa pale Usoke kwamba nikijitahidi sana nitafika Urambo. Nimefika Polandi, bibi. Wenye vyeti bado wanapiga soga vijiweni Gongoni.

Kabla sijajisifu zaidi, habari za nyumbani. Mama amehamia chumba chako. Anasema ni kwa sababu bati la humo halivuji, lakini mimi namjua, anafuata harufu yako. Yule kuku wako mwenye kiburi bado anataga kitandani, na mama anamwachia. Msalaba wako umesimama sawasawa, jina lako limeandikwa vizuri kuliko nilivyowahi kuandika mimi.

Siku tuliyokuzika sikulia. Watu walidhani nimejikaza kiume, kumbe nilikuwa kama gogo tu. Ndipo yule mama wa Kizaramo anayeuza vitumbua stesheni akajitosa katikati ya waombolezaji, akajifunga kanga yako, akashika fimbo yako, akainama mgongo na kuanza kutembea kama wewe, mguu mmoja ukiburuta. Akanielekezea fimbo. "Mihambo! Mume gani huyu, hana hata baiskeli!" Sauti yako ile ile. Wageni wa mjini walishtuka, wakadhani ana wazimu. Sisi tulijua ni haki yake, maana Mzaramo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na msiba bila mtani ni kama ugali bila mboga. Nikacheka. Nilipocheka ndipo nikalia, nikalia hadi kamasi.

Wewe ndiye uliyenifundisha utani huo ulikotoka. Kwamba babu zetu walitembea na pembe za ndovu mabegani kutoka huku kwetu hadi pwani, na kule Uzaramo walifika hawana maji wala pa kulala. Wakatukanana na wenyeji, wakacheka, wakalala ndani. "Mnyamwezi hafiki ugenini," ulikuwa unasema, "anafika kwa mtani. Na mtani usimwombe, mchukulie. Ukiomba umejifanya mgeni." Mimi nikaona ni maneno ya wazee ya kupitishia jioni.

Sasa sikia nilivyoondoka. Wenzangu waliniambia, nunua koti, huko ni baridi. Nikawajibu, baridi gani, mimi nimelala Puge mwezi wa saba bila shuka! Pale mitumbani koti zito lilikuwepo, tena limetoka huku huku Ulaya. Nikasema hilo la wazee. Nikachukua jaketi la jinzi, limechanika magotini… aa, suruali ndiyo iliyochanika magotini, jaketi lilichanika viwikoni. Nilipendeza, Kalunde. Ungeniona ungenitafutia mke wa pili.

Niliposhuka kwenye basi hapa, baridi iliniingia viwikoni ikatokea magotini. Theluji si kama kwenye picha. Kwenye picha hainyamazi hivyo. Saa kumi jioni giza limeshaingia, na mtu wa kazi yangu mpya, aliyeahidi kunipokea, hayupo. Abiria wenzangu wakachukuliwa mmoja mmoja na watu wao. Simu yangu haikushika mtandao. Vidole sikuvisikia tena. Mdomo huu unaoujua, ambao haujawahi kukosa neno, ulishindwa hata kufunguka. Nikawaza, hapa ndipo ninapokufa, na lugha ya kuomba maji sina.

Mara nikasikia Kiswahili. Mzee mmoja mweusi, kizibao cha njano juu ya koti, anasukuma theluji kwa koleo huku simu ameibana kwa bega, anafoka: "Mwambie huyo fundi mlango wa choo unafunguka kwa nje! Kwa nje!" Nikajikokota hadi kwake, nikanong'ona kwa shida.

"Shikamoo mzee. Mzee, kabila gani?"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Mzaramo wa Kisarawe. Na wewe unayetetemeka kama mwizi wa kuku?"

"Mnyamwezi wa Usoke."

Akaliachia koleo likaanguka. "Haa! Mpagazi! Mzigo umeutupa wapi?"

Kalunde, hapo mdomo ukafunguka wote. Sijui neno lilitoka wapi, nadhani ulinisukuma wewe. Nikamwambia, "Mzigo ndio nimeufuata. Babu yangu akienda pwani aliacha koti lake kwenu Kisarawe. Ndilo hilo ulilovaa. Vua."

Alicheka hadi akashika nguzo. Wazungu wakageuka kutazama. Akavua kizibao, akavua koti, ndani ana sweta mbili, akanivisha mwenyewe na kunifunga vifungo kama mtoto. "Mmechelewa kulifuata, wapagazi. Tulishaanza kulizoea." Lile koti lilikuwa na joto la mwili wa mtu. Sijawahi kuvaa kitu kizuri hivyo, na unajua mimi ninavyovaa.

Jina lake Mzee Pazi. Alinipeleka chumbani kwake, akawapigia simu watu wa kazi yangu, wakasema watanifuata asubuhi. Halafu, mtani ni mtani, akafungua begi langu bila kuniuliza. Akatoa kile kifuko cha kitambaa.

Matobolwa yako, bibi. Viazi vitamu vya mwisho ulivyochemsha na kukata kwa mkono wako, ukavianika juu ya bati kabla hujaugua. Nilikuwa sijala hata kimoja. Nilipanga niwe navyo hadi nizeeke, kila nikikukumbuka ninuse tu. Mzee Pazi akatupia kimoja mdomoni.

Mkono wangu ulishainuka. Kweli, ulishainuka. Nikauona umo ndani ya mkono wa koti lake. Nikaushusha. Mtani hakasirikiwi.

Akatafuna amefumba macho. "Nani katengeneza?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Amelala Usoke, chini ya msalaba."

Akaacha kutafuna. Nikadhani atakirudisha kifuko. Wapi! Akakiweka mezani katikati yetu, akamimina chai. "Basi mimi mtani wake sikuitwa kumzika. Kaa. Mwanamke wa viazi vitamu hivi, alikosa nini hadi akaolewa na wewe?" Tukala. Akanitukana, nikamtukana, akaiga ninavyotetemeka, tukala hadi tukabaki tunakung'uta vumbi la kifuko kwenye viganja. Nilikuja nimekubeba, bibi, ili usiishe. Ukaisha pale mezani. Na sikufa. Nililala usingizi wa kuku wako kitandani.

Kazi yangu? Nachuma uyoga! Usicheke. Huku uyoga hausubiri mvua, wala mtu haingii msituni na kikapu. Umelazwa vitandani ndani ya ghala, kama wagonjwa wodini. Nawaambia wenzangu kwamba mimi nimesomea uyoga kwa profesa Kalunde wa Usoke. Hawaelewi, ila wanaona mikono yangu inavyokwenda. Huwa nazungusha kidogo kabla ya kung'oa, kama ulivyonionyesha.

Asante, mke wangu. Hukuniachia shamba wala ng'ombe. Uliniachia matusi, na matusi yako yamenivika koti.

Mama nimemwambia mwaka huu anike matobolwa mengi, fungu la Mzee Pazi liwe kubwa kuliko langu. Na mimi nakuahidi hili. Jumapili huwa naenda kumsaidia mzee koleo pale stendi. Siku akishuka kijana wa Kizaramo na jaketi lake la maringo, meno yanagongana, sitamwuliza anahitaji nini. Nitaanza kumtukana mimi, ili apate njia ya kunivua koti.

Lala salama, Kalunde. Ukimkuta huko mtu amekaa peke yake, unajua pa kuanzia.

Mumeo asiyeleta hata kuni,
Mihambo