Haruna ni wa Ngapi?

Hallunda, Jumapili, mwisho wa Agosti 1986

Mvua tangu asubuhi, kisha jua la kinafiki saa nane mchana, kisha mvua tena. Soksi zangu zinaning'inia bafuni. Nimechemsha chai nikaisahau, nimechemsha nyingine, nayo inapoa hapa pembeni ya daftari.

Leo nimefanya jambo baya kwa kutumia rula.

Nianze mwanzo, maana mwalimu wa hesabu, hata akifukuzwa kazi na vita, huanza mwanzo. Huu ni mwaka wa tatu mimi ndiye mwandishi wa klabu yetu ya besiboli, huu mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo vinne. Sikuutafuta. Nilikwenda uwanjani kumchukua Haruna, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye naishi naye. Aliyekuwa akiandika mechi alikuwa amehamia mji mwingine. Kocha akaona mtu mzima amekaa bure kwenye benchi, akanikabidhi daftari na penseli. Ukurasa mzima ni vijisanduku: kila mpigaji ana chake, kila kosa lina alama yake. Niliupenda siku ile ile. Kwetu Uganda, mjini Jinja, nilikuwa nafundisha hesabu darasa la sita. Hapa Uswidi nafua mashuka ya hospitali. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeniomba nimhesabie chochote.

Sasa hata timu za wageni hunakili kutoka kwangu. Mzazi akilalamika kwamba mwanawe hakukosea, Lasse, kocha wetu, humfungulia ukurasa wangu na maneno yanakwisha. Najivunia jambo hili kupita kiasi, nakiri. Nimemwambia Haruna mara nyingi, tena kwa kidole juu, kwamba penseli yangu haijui mtoto ni wa nani.

Leo tulifungwa. Baada ya mechi Lasse aliniita jikoni kwenye kibanda cha klabu, akamimina kahawa, akatoa karatasi. Huyu bwana alisoma mwaka mmoja Amerika akiwa kijana, akarudi na maradhi mawili, ubani wa kutafuna na orodha. Anasema kule kila klabu kubwa hupanga vijana wanaolelewa katika timu zake ndogo, wa kwanza hadi wa kumi, ili ijulikane kesho ni ya nani. Na sisi tupange. Tuna vijana kumi na tisa. Kumi watakaoandikwa watafanya mazoezi ya ndani na wakubwa msimu wote wa baridi. Wengine watasubiri theluji iyeyuke. Na anayetimiza miaka kumi na minane kabla ya hapo, bila nafasi kwa wakubwa, anashukuriwa na kupewa mkono wa kwaheri.

Alinieleza kwamba hatuandiki nani ni hodari leo, tunaandika nani atakuwa hodari. Kwa hiyo kando ya kila jina huanza umri. Kijana wa miaka kumi na minne anayerusha hivi ni hazina, alisema. Wa kumi na minane anayerusha vile vile, bora anunue tiketi akae na watazamaji. Alisema bila ubaya wowote, huku akipuliza kahawa yake.

Wa kwanza akawa Peter, miaka kumi na minne, ambaye mpira wake huusikii ukipita, unausikia ukifika. Wa pili Jorma, mtoto wa Kifini, mnene kama mlango, lakini akigonga tunatafuta mpira kwenye maegesho ya magari. Wa tatu Gabriel, mtoto wa wale Wasuriani, Wakristo kutoka Uturuki, wanaoishi chini yetu, ana mbio na hachoki. Nilikubali nafasi zote tatu. Daftari langu linasema hivyo hivyo.

Kisha akafika kwa Haruna.

Alisema mengi mazuri. Alisema kijana ana adabu, na ana macho. Anajua mpira utakwenda wapi ukiwa bado mkononi mwa mrushaji, jambo ambalo halifundishiki. Halafu akatikisa kichwa. "Angekuwa na kumi na tano ningempandisha juu kabisa," alisema. "Lakini ana kumi na saba na bado ni mdogo hivi. Huyu amekwisha kukua."

Akaendelea na wengine. Mwishoni akaniomba nipige mstari chini ya jina la kumi, kwa kuwa mkono wangu umenyooka. Nikachukua rula nikapiga mstari. Chini yake nikaandika majina tisa yaliyobaki kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, Haruna akiwa wa kwanza kati yao, na kando yake nikaandika 17.

Haruna ana miaka kumi na tano.

Nimeliandika. Miaka minane sijaliandika popote, hata humu, na humu naandika Kiswahili cha mama yangu wa Mombasa ambacho hapa jengoni, nje ya mlango wetu, hakuna awezaye kukisoma.

Alizaliwa wakati wa mvua za Aprili, mwaka wa sabini na moja. Nilikuwepo. Jina nilichagua mimi, kaka akakubali. Tulipokimbia, mimi na yeye tu tuliobaki, alikuwa na miaka saba na meno mawili ya mbele hayapo. Nairobi tulilala kwa mama mmoja wa kwetu, Rehema, ambaye naye alikuwa akisubiri safari ya huku. Rehema alinionya kwa nia njema kabisa. Alisema Uswidi mtoto mdogo asiye na wazazi anachukuliwa na serikali na kupewa familia ya Kizungu, na anayesema ni baba mdogo anaambiwa asante kwa kumleta. Lakini mtoto wa miaka tisa, alisema, anaulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Wa tisa anaulizwa, wa saba anaamuliwa. Ndivyo alivyosema, na mimi ndivyo nilivyokariri ndani ya ndege safari nzima.

Kabla hatujashuka nilimshika Haruna mabega. Nikamwambia, wewe una miaka tisa. Wakikuuliza, tisa. Akarudia: tisa.

Yule afisa hakumuuliza hata mara moja. Aliniuliza mimi. Nikataja mwaka, sabini kasoro mmoja, bila kupepesa macho. Mwezi sikuutaja kwa hofu, naye akaandika Januari mosi, kama walivyomwandikia kila mtu asiyejua siku yake. Katika mikusanyiko yetu nusu ya watu walizaliwa Januari mosi. Tunacheka, tunaambiana tuoke keki moja ya wote. Mimi hucheka kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Baadaye nilijua kwamba hakuna aliyekuwa na nia ya kuninyang'anya. Nilikuwa ndugu yake wa damu, wangemwacha kwangu hata angekuwa wa kunyonya. Lakini miaka ilikuwa imekwisha kuandikwa, na hapa tarehe ya kuzaliwa ndiyo mwanzo wa namba yako, na namba yako ndiyo wewe. Iko kliniki, iko shule, iko benki, iko maktaba.

Shule ndiyo iliyomuumiza zaidi. Walimweka na watoto wa miaka tisa waliokwisha kusoma miaka miwili, yeye hajawahi kushika kalamu. Alikuwa mfupi kuliko wote kwenye picha ya darasa, na yuko vivyo hivyo katika kila picha hadi leo. Mwaka wa pili mwalimu aliniita akanieleza taratibu, kwa huruma, kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa, wangempeleka kwenye darasa dogo la wanaosaidiwa. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilikaa kwenye kile kiti kifupi nikaitikia kwa kichwa. Nilijua kwamba mtoto yule alikuwa anafanya hesabu za watu waliomzidi miaka miwili, na alikuwa anakaribia kuzipata. Nikaitikia tu, nikatia sahihi.

Nilimfanya mtoto wa kaka yangu aonekane mjinga. Naomba Mungu anisamehe hilo kabla ya mengine yote.

Jana tulikuwa Fisksätra kwa huyo huyo Rehema, kwenye akika ya mjukuu wake. Kwa kuwa Lasse alishaniambia kwamba leo tutapanga, nilimfuata Rehema jikoni nikamweleza. Alikuwa anakatakata vitunguu na hakuacha. Alisema na yeye aliambiwa tu na mtu Nairobi. Akaniuliza kama nina wazimu. Ombi letu la uraia liko mezani kwao tangu baridi ilipokwisha. Nikienda kusema nilidanganya hili, hawatauliza nimedanganya na lipi jingine? "Usimwamshe aliyelala, utalala wewe," alisema. "Shemeji, kwa mchezo wa gongo?"

Nilikula pilau la watu nikarudi nyumbani, na leo nikapiga mstari.

Njiani kutoka uwanjani Haruna alibeba mfuko wa magongo begani. Aliniuliza kwa Kiswidi, kama anavyoniuliza kila kitu siku hizi, yeye ni wa ngapi. Nilimwambia orodha haijakamilika. Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa kijinga, kwa sababu kesho Lasse ataibandika mlangoni. Tulipoingia ndani alivua viatu, akaweka glavu yake juu ya meza ya jikoni, hii hapa mbele yangu, akasema nimpe Gabriel, ya kwake imetoboka.

Kisha, akiwa kwenye mlango wa chumba chake, alinigeukia na kusema kwa Kiswahili.

"Baba mdogo, kwa Lasse mimi nina miaka mingapi?"

Nikasema, "Kumi na saba."

"Na kwako?"

Nikageuka kuchemsha chai. Alisubiri kidogo, kwa adabu ile ile anayoisifia Lasse, kisha akafunga mlango taratibu.

Anajua! Muda wote huu anajua. Nilijidanganya kwamba mtoto wa miaka saba husahau. Amekaa darasa la wajinga, amekuwa wa mwisho kwenye mbio, amechekwa bafuni na wavulana wenye ndevu, na hajawahi kufungua mdomo, kwa sababu mimi nilimwambia: wakikuuliza, tisa. Amenitunzia siri yangu miaka minane na mimi sikumshukuru hata siku moja.

Naogopa. Niseme wazi, naogopa sana. Namwona yule afisa akivua miwani yake. Naona barua ya kukataliwa. Rehema si mjinga, na alinionya kama dada. Lakini nikitazama hii glavu, ambayo aliipaka mafuta kila Ijumaa ili ngozi isikauke, naona kwamba aliyelala hapa ni mimi peke yangu.

Basi nimefungua ukurasa mpya na kupanga orodha yangu mwenyewe. Nimechukua madaftari ya misimu yote mitatu, nimehesabu upya kila kisanduku cha Haruna, safari hii nikimlinganisha na wa umri wake. Nimehesabu mara mbili. Kwa macho anawazidi wote. Kwa mkono anapitwa na Peter, tena mbali. Jorma anagonga zaidi. Gabriel ana mbio kumzidi, na hana makosa mengi vituoni. Moyo ulitaka kumweka wa kwanza, kumfidia. Penseli ilikataa.

Nikaenda nikagonga mlango wake. Nilisimama nje, sikuthubutu kuufungua.

"Kumi na tano," nilisema. "Kwangu una kumi na tano. Na miezi minne."

Nikaendelea kuongea na ubao wa mlango. Nikamwambia nilikosea, kwamba niliogopa kumpoteza, kwamba kila alama mbaya aliyowahi kupata shuleni inabidi nusu yake niandikiwe mimi. Nikamwambia kesho naomba ruhusa kazini. Daftari la wakazi wa hapa liko ofisi ya parokia, kwa hiyo mimi, Mwislamu, nitakwenda kuungama kwa kasisi. Wakicheka na wacheke. Na nitapitia kwa Lasse kwanza, kabla hajabandika karatasi yake.

Mlango ulifunguka. Alikuwa amelia, na alikuwa anajitahidi nisione. Akasema, "Kwa hiyo mimi ni wa ngapi?"

Nikamwonyesha ukurasa. "Wa nne."

Aliusoma, akanitazama, akausoma tena.

"Wa nne?" alisema. "Baba mdogo, unamweka Gabriel mbele yangu? Gabriel hawezi kudaka mpira wa juu, jua likimpiga anafumba macho!"

Nikamwambia daftari langu halisemi hivyo. Akasema daftari langu halioni jua. Amebishana nami mpaka wali ukaungua, kwa Kiswahili na Kiswidi pamoja, mkono ukipiga meza, na kabla hajaketi kula aliichukua glavu yake akaiweka mapajani.

Ofisi ya parokia hufunguliwa saa tatu.